Kompyuta ya GB 8 Inaposoma 7.4: Ramani Inayochorwa Kabla Mfumo Haujaamka

Wiki iliyopita, kwenye meza ya fundi mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, alifika mwanafunzi wa chuo akiwa na kompyuta mpakato iliyotumika ambayo alikuwa ameinunua siku tatu kabla. Aliuziwa kwa ahadi kwamba ina RAM ya GB 8, na ukurasa wa maelezo ya mfumo ulikubali kwamba GB 8 zimo, ila pembeni yake ulieleza kuwa zinazoweza kutumika ni 7.4 tu. "Fundi, hawa watu wamenipunguzia RAM," alisema. Fundi hakubishana naye. Alifungua skrubu za mfuniko, akachomoa kipande cha RAM kwa vidole viwili na kumsogezea ili aisome lebo mwenyewe: GB 8. Kijana aliisoma mara mbili, akakirudisha kipande, kisha akauliza swali lililonifanya niandike makala hii: "Sasa hiyo nyingine iko wapi, kaka?"

Ni swali la haki, na nimelisikia Uyole, Iringa mjini na Njombe karibu kwa maneno yaleyale. Wapo wanaojibu kwamba ni virusi, wapo wanaosema Windows haikuwekwa vizuri, na wengi humalizia kwa kumwita muuzaji tapeli. Jibu lenyewe limo katika sekunde chache za mwanzo baada ya kubonyeza kitufe cha kuwashia, kabla picha yoyote ya maana haijatokea kwenye kioo, wakati programu moja inapomkabidhi mwenzake eneo na kumwonyesha mipaka yake.

Tuanze na majina. RAM ni kumbukumbu ya muda, mahali ambapo kompyuta huweka kazi inayoendelea, na kazi hiyo hupotea umeme ukikatika. Programu dhibiti ni ile programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mama wenyewe, yaani ubao mkuu unaounganisha vipande vyote vya kompyuta, ambayo huamka ya kwanza kabisa; kwenye kompyuta za zamani huitwa BIOS, na kwenye za sasa huitwa UEFI. Mfumo endeshi ni Windows, Linux na mingine ya aina hiyo, na kerneli ni kiini chake, yaani sehemu inayogawa kumbukumbu, muda wa prosesa na vifaa kwa programu nyingine zote. Neno la mwisho ni anwani. Prosesa haijui "kipande cha RAM". Inachojua ni namba, na kila inapotaka kusoma au kuandika kitu hutaja namba ya mahali kilipo.

Mkanganyiko mwingi huanzia kwenye neno hilo la anwani. Watu hudhani kwamba anwani zote ni za RAM, hivyo kompyuta ya GB 8 ina anwani za GB 8, basi. Sivyo. Anwani ni kama namba za viwanja kwenye ramani ya mji: kiwanja kimoja kina nyumba ya kuishi, cha pili kina zahanati, cha tatu kimetengwa kwa barabara na hakuna anayeruhusiwa kujenga, na cha nne kina namba kwenye karatasi lakini ukifika utakuta korongo. Baadhi ya anwani huelekea kwenye RAM. Nyingine huelekea kwenye kadi ya video, au kwenye kifaa cha mtandao, au kwenye chipu inayobeba programu dhibiti yenyewe. Nyingine hazielekei popote.

Kerneli inapoamka haijui lipi ni lipi, na haiwezi kujaribu kila anwani kwa kuandika kitu na kuangalia kama kimebaki, kwa sababu kuandika kwenye anwani ya kifaa kunaweza kukifanya kifaa hicho kifanye jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Inapaswa kuambiwa, na anayejua ni programu dhibiti, kwa kuwa ndiyo iliyoamka kwanza, ikaitambua RAM na kuvigawia vifaa anwani zao.

Chukua mzee mwenye shamba la viazi kule Uyole, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, anayemrithisha mwanawe. Hawezi kumpa jembe na kumwambia "lima". Humtembeza kwanza. Kuanzia kwenye bikoni hii hadi kwenye mti ule unaweza kulima. Hapa pana makaburi ya babu zako, usipaguse. Kule bondeni kuna chanzo cha maji, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kukiharibu ndani ya mita 60. Upande wa juu ni hifadhi ya barabara. Hata kama nyasi zinaota vizuri, si pako. Kile kibanda ni changu, bado nina vitu vyangu humo, lakini nikishahama unaweza kukibomoa na kupanda. Mwisho wa matembezi hayo kijana anajua kwamba shamba lililotajwa kuwa ekari 8 halilimwi lote, na kwamba hakuna aliyemwibia.

Orodha ya maelekezo ya namna hiyo ndiyo inayoitwa ramani ya kumbukumbu. Si mchoro, ni mistari ya maandishi, kila mmoja ukitaja mambo matatu: eneo linaanzia anwani gani, lina ukubwa gani, na ni la aina gani.

Kwenye BIOS, kerneli au programu inayoipakia huipata orodha hiyo kwa wito ambao mafundi wa programu huuita E820, kwa sababu hiyo ndiyo namba inayowekwa kwenye prosesa wakati wa kuuliza, ikiandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Mazungumzo yake ni ya kuvutia kwa urahisi wake. Anayeuliza huanza kwa sifuri, maana yake "nianzie mwanzo". BIOS hujibu kwa mstari mmoja wa baiti 20: nane za mwanzo wa eneo, nane za ukubwa, nne za aina. Pamoja na jibu hutoa namba ya kuendelezea. Anayeuliza huirudisha namba hiyo, "na baada ya hapo?", anapewa mstari wa pili, kisha wa tatu, hadi BIOS itakaporudisha sifuri kuashiria kwamba mipaka imekwisha.

Aina zenyewe ni chache. Namba 1 ni kumbukumbu huru, kerneli inaweza kulima hapo. Namba 2 imehifadhiwa, na sababu haitajwi. Kerneli hutakiwa kupita mbali tu. Namba 3 ina majedwali ambayo programu dhibiti imeyaandika kueleza vifaa, betri na usimamizi wa umeme. Kerneli ikishayasoma inaweza kulichukua eneo hilo, kama kile kibanda cha mzee. Namba 4 lazima ihifadhiwe kama ilivyo hata kompyuta inapolazwa usingizi. Namba 5 ni kumbukumbu yenye hitilafu.

Ukiisoma ramani ya kompyuta halisi utakutana na historia ndani yake. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilitumia prosesa iliyoweza kutaja anwani za MB 1 tu, na wabunifu wake walizigawa: KB 640 za chini kwa ajili ya programu, na sehemu iliyobaki juu yake kwa ajili ya video na chipu za programu dhibiti. Leo, kwenye kompyuta yenye RAM mara maelfu ya ile, ramani nyingi bado huonyesha eneo huru kutoka sifuri hadi karibu na KB 640, kisha pengo hadi MB 1, ndipo uwanja mpana unapoanza. Mpaka uliowekwa zaidi ya miaka 40 iliyopita haujang'olewa, kwa sababu programu za zamani zilizoutegemea ziliendelea kuhitajika kizazi baada ya kizazi.

Pengo la pili ndilo lililowaumiza watu wengi zaidi. Mifumo ya biti 32, yaani inayoandika anwani kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, ilikuwa na anwani za GB 4 kwa ujumla, na vifaa navyo vilihitaji anwani ndani ya hizo GB 4, hasa karibu na kilele chake. Mtu aliyeweka RAM ya GB 4 kamili alikuta Windows ya biti 32 ikimsomea takribani 3.2, kwa kuwa namba za viwanja zilizobaki zilikwisha chukuliwa na kadi ya video na wenzake. RAM ilikuwapo, ila haikuwa na anwani ya kuifikia. Kwenye mifumo ya biti 64 ubao mama huihamishia RAM hiyo iliyokosa nafasi juu ya mpaka wa GB 4, na ndiyo maana ukitazama ramani ya kompyuta ya GB 8 unaweza kukuta anwani ya mwisho imepita GB 8. Hakuna RAM ya ziada. Ni viwanja vilivyosogezwa.

UEFI ilibadilisha namna ya kuuliza, na hapa pana jambo ambalo mimi huliona kuwa zuri kuliko mengine yote katika mada hii. Badala ya kujibu mstari kwa mstari, UEFI hutoa ramani nzima kwa pamoja, lakini anayeomba lazima atenge mahali pa kuipokelea. Kutenga mahali hapo ni kuchukua kumbukumbu, na kuchukua kumbukumbu kunaibadilisha ramani yenyewe. Ni sawa na karani anayehesabu viti vilivyo wazi ukumbini kisha anakaa kwenye kimoja ili aandike hesabu. Kwa hiyo UEFI hutoa ramani pamoja na namba ya ufunguo inayotambulisha toleo lake. Programu inapotaka kukabidhiwa kompyuta rasmi, hurudisha ufunguo huo. Kama ramani imebadilika tangu iliposomwa, hata kwa jambo dogo, UEFI hukataa, na mwombaji hulazimika kuisoma upya na kuomba tena. Makabidhiano hayafanyiki mpaka pande zote mbili ziwe zinaitazama karatasi ileile.

Baada ya makabidhiano hayo, huduma nyingi za UEFI hufungwa moja kwa moja. Mzee amehama. Hubaki huduma chache tu, kwa mfano za saa na za kumbukumbu ya mipangilio ya kuwashia, nazo huendelea kuishi kwenye maeneo yao ambayo kerneli haitayagusa muda wote kompyuta ikiwa hai.

Ingekuwa rahisi kama ramani zote zingekuwa za kweli. Watengenezaji wa ubao mama ni wengi, programu dhibiti huandikwa kwa haraka, na waandishi wa kerneli wamejifunza kwa machungu kwamba ramani ni ushahidi wa kupimwa kabla ya kuaminiwa. Mistari huweza kuja bila mpangilio. Mistari miwili huweza kulidai eneo moja, mmoja ukisema ni huru na mwingine ukisema limehifadhiwa. Linux inapokutana na hali hiyo hupanga mistari yote upya na kulipa eneo la mgogoro ile aina yenye namba kubwa zaidi, yaani iliyohifadhiwa huishinda iliyo huru. Nauona kuwa uamuzi wa busara: ukikosea kwa kuacha kipande cha ardhi bila kukilima umepoteza mavuno ya kipande hicho, lakini ukilima makaburi hakuna namna ya kurudisha.

Linux huita pia shahidi wa pili. Prosesa ina rejista zake, yaani sehemu ndogo za kuwekea namba ndani yake, zinazoeleza kila eneo la anwani litendewe vipi, na kama ramani inadai kwamba RAM inafika mahali ambapo rejista hizo hazifiki, kerneli hukata sehemu hiyo ya juu na kuandika onyo kwamba programu dhibiti ina kasoro na kwamba MB kadhaa zimepotea.

Kuna kisa kimoja ambacho humfanya mtu aelewe kwa nini tahadhari hii si woga. Baadhi ya BIOS ziligundulika kuwa huandika ndani ya eneo la chini kabisa la kumbukumbu, ambalo zenyewe zilikuwa zimelitangaza kuwa huru, kompyuta inapolala na kuamka, au hata mtu anapochomeka waya wa kioo cha nje. Fikiria unaandika tasnifu yako, unachomeka projekta ili uionyeshe, na programu ambayo ilipaswa kuwa imehama inapita usiku na kukanyaga matuta yako. Kwa miaka mingi Linux iliziacha KB 64 za kwanza bila kuzitumia kwa sababu hiyo, na tangu toleo la 5.13 la mwaka 2021 huiacha MB 1 nzima ya mwanzo. Vilevile, maeneo ambayo UEFI ilisema itayaacha baada ya makabidhiano, Linux huyashikilia kwa muda kabla ya kuyatumia, kwa kuwa baadhi ya programu dhibiti huendelea kuyagusa baada ya kusema kwamba zimekwisha kuondoka.

Ramani ikishasafishwa linabaki fumbo moja. Kerneli inahitaji kumbukumbu ili iandike ni kumbukumbu ipi iko huru, lakini haiwezi kuchukua kumbukumbu kabla ya kujua ipi iko huru. Linux hulifumbua kwa kuja na daftari lake dogo tayari, lililoandaliwa ndani ya mwili wa kerneli wakati ilipotengenezwa, lenye orodha mbili za nafasi 128 kila moja: orodha ya maeneo yaliyopo, na orodha ya maeneo yaliyokwisha chukuliwa. Katika orodha ya pili kerneli hujiandikisha yenyewe kwanza, ili isije ikaigawa sehemu ya mwili wake kwa mwingine, kisha huandikisha faili zilizopakiwa pamoja nayo na maelekezo iliyopewa wakati wa kuwashwa. Kwa daftari hilo inaweza kugawa kumbukumbu kidogokidogo mpaka ijenge mfumo wake mkubwa wa kudumu.

Mfumo huo mkubwa nao una gharama. Kerneli huikata kumbukumbu katika kurasa za baiti 4096, na kwenye kompyuta za biti 64 Linux kwa kawaida huweka kadi ya baiti 64 kwa kila ukurasa ili ijue nani anautumia. RAM ya GB 8 ina kurasa 2,097,152. Zidisha kwa 64 na utapata MB 128 za kadi tu, kabla hujafungua programu hata moja. Ndiyo maana mtu akiwasha Linux kwenye kompyuta ileile, kiasi cha jumla kinachotajwa huwa kidogo kuliko kile kinachotajwa na Windows: Linux huondoa kadi zake za kurasa kwanza, ndipo itangaze jumla.

Nirudi kwenye maneno ya mitaani, maana yana madhara. Virusi kwa kawaida havipunguzi ile namba ya RAM inayoweza kutumika; vinaweza kuijaza RAM kwa kazi zao, jambo ambalo utaliona kwenye kiasi kilichotumika, na namba ile ya juu itabaki palepale. Kuweka Windows upya hakuleti kitu, kwa sababu ramani hutoka kwenye ubao mama, na mfumo mpya utakabidhiwa mipaka ileile. Ule ushauri unaosambaa wa kufungua mipangilio ya kuwashia ya Windows na kuweka alama kwenye kisanduku cha kiwango cha juu cha kumbukumbu naomba uachwe kabisa: kisanduku hicho kipo ili kupunguza kumbukumbu kwa ajili ya majaribio, na nimewahi kumwona mtu akitoka GB 7 na ushee akaishia na pungufu ya hapo kwa kukifuata. Wengine hueleza kwamba tofauti inatokana na kuhesabu kwa 1000 au kwa 1024. Maelezo hayo ni sahihi kwa flashi na diski, ambako flashi ya GB 32 husomeka takribani 29.8, lakini RAM huuzwa kwa hesabu ya 1024 tangu kiwandani, kwa hiyo hayagusi swali letu.

Kwenye simu mambo ni yaleyale ingawa karatasi ni nyingine. Simu nyingi hazina E820. Kerneli hupewa maelezo ya vifaa vyote yakiwa yamepangwa kama matawi ya mti, na ndani yake yametajwa maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya modemu, kamera na video. Simu iliyouzwa kuwa ya GB 4 ikisoma 3.6 au 3.7 hujaibiwa.

Wapo wadanganyifu wa kweli, na naona ni dhuluma muuzaji mwaminifu kuhesabiwa pamoja nao. Tofauti yao huonekana kwenye ukurasa wa programu dhibiti wenyewe, ule unaofunguliwa kwa kubonyeza F2, F10 au Delete mara tu kompyuta inapowaka. Ukurasa huo ukitaja GB 8 na Windows ikasoma 7 na ushee, kinachoonekana ni mipaka. Ukitaja GB 4 kwa mashine uliyoambiwa ina 8, basi ama kipande kimoja hakijakaa vizuri kwenye nafasi yake, ama kimekufa, ama hakikuwamo.

Fundi wa Mwanjelwa alifanya hivyo hasa. Alikirudisha kipande, akawasha, akabonyeza F2, na ukurasa ukafunguka: jumla MB 8192. Alishuka mistari kadhaa hadi kwenye kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya video, kwa sababu kompyuta ile haina kadi ya video yenye RAM yake na huazima kutoka kwenye RAM ya kawaida. Palisomeka 512. Kijana alitoa simu, akatoa 512 kwenye 8192, akagawa kwa 1024, akapata 7.5. Ile desimali moja iliyobaki ni majedwali na maeneo ya programu dhibiti. Fundi alimuuliza kama anataka video ipunguziwe hadi 128. Kijana alisema anasoma ujenzi na huchora majengo humo ndani, akaomba iachwe kama ilivyo, akalipa elfu tano ya kufunguliwa mashine na kuanza kuifunga kwenye begi.